ADA YA KUTOA BITCOIN: FEDHA ILIYOPUNGUA NJIANI ILIKWENDA WAPI?

Mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani anayekaa Gihosha, alitujia na daftari la shule mkononi na jambo zito moyoni. Mdogo wake yuko Nairobi, anafanya kazi ya ghalani. Ndugu hawa wawili walikubaliana kwamba mdogo awe anaweka akiba kila mwezi kutoka katika mshahara wake, ili nyumba ya mama yao ipate bati na sakafu. Mdogo alichagua kuiweka akiba hiyo kwa sarafu ya mtandaoni iitwayo bitcoin. Kila mwezi alinunua kidogo, akaihamishia kwenye kifaa chake, kisha akampigia simu kaka yake kumweleza kiasi alichonunua. Kaka, kwa kuwa ni mtu wa mpango, alikiandika kila kiasi daftarini.

Mwaka ulipokwisha, kaka alijumlisha akapata satoshi 800,000. (Satoshi ni sehemu ndogo kabisa ya bitcoin; bitcoin moja ina satoshi milioni 100.) Akamwomba mdogo wake ampigie picha kioo cha kifaa. Picha ilionyesha satoshi 680,000. Zilikosekana satoshi 120,000. Kwa bei ya dola 60,000 kwa bitcoin moja, ambayo ilikuwa karibu na bei ya katikati ya mwaka 2024, upungufu huo ni dola 72. Mdogo alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Ada." Kaka hakuridhika. Swali alilotuletea lilikuwa hili: "Je, mdogo wangu amenila?"

Tumeona ni vema kulijibu swali hili mbele ya wasomaji wote, kwa sababu wengi wetu tuna ndugu na watoto walio Kenya, Ubelgiji, Kanada au Omani, ambao huweka akiba kwa njia ambazo sisi wa hapa hatuzifahamu. Na penye hesabu isiyoeleweka, udugu huvunjika upesi kuliko chungu.

KWANZA, SHERIA YA NCHI

Kabla ya kwenda mbali, yafaa ieleweke kwamba hapa Burundi biashara ya sarafu za namna hii ilipigwa marufuku na Benki ya Jamhuri ya Burundi mwaka 2019, baada ya wananchi waliopoteza fedha zao kuiomba serikali msaada. Kwa hiyo makala hii haimwambii mfanyakazi wa Bujumbura, wala mchuma chai wa Teza, wala mkata miwa wa Moso, aende akanunue bitcoin. Atakayemwendea mtu anayeziuza vichochoroni ajue kwamba siku ya kudhulumiwa hatakuwa na mahali pa kushtaki.

Majirani zetu wana sheria zao. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini humo. Kenya ilitunga sheria ya kuyasimamia makampuni yanayoshughulika na mali hizo, nayo ilitiwa sahihi Oktoba 2025. Mdogo wa mwenzetu anafanya kazi na kuishi Nairobi, na akiba ni yake, iko huko. Kazi yetu hapa ni kueleza hesabu.

SOKO NI NINI, NA HIFADHI BARIDI NI NINI

Mtu anayenunua bitcoin kwa kawaida huinunua katika soko la mtandaoni. Soko hilo ni kampuni. Unaipelekea fedha, nayo inaandika katika vitabu vyake kwamba unaidai kiasi fulani cha bitcoin. Hapo bitcoin hiyo bado haijafika mkononi mwako. Mfanyakazi ataelewa jambo hili kwa urahisi: ni kama mshahara ambao karani ameshauandika katika orodha ya malipo lakini hujaupokea dirishani. Jina lako limeandikwa, kiasi kimeandikwa, lakini kampuni ikifunga milango usiku huo, unabaki na madai tu.

Hayo yamekwisha kutokea. Soko la Mt. Gox la Tokyo, ambalo wakati mmoja lilikuwa kubwa kupita mengine yote duniani, lilianguka Februari 2014, likatangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 zilikuwa hazionekani. Baadaye zilipatikana kama 200,000, lakini wenye madai walisubiri miaka kumi kabla ya kuanza kulipwa. Tarehe 11 Novemba 2022 soko la FTX nalo likaomba ulinzi wa mahakama ya Marekani kwa kufilisika, na watu wa nchi nyingi wakakuta hawawezi kutoa hata senti.

Ndiyo maana wengine, kama huyu mdogo wa Nairobi, huamua kuitoa bitcoin sokoni na kuiweka katika kile kinachoitwa hifadhi baridi. Maana yake ni kwamba ufunguo wa siri unaoruhusu bitcoin kutumiwa unawekwa mahali pasipounganishwa na intaneti. Mara nyingi ni kifaa kidogo kinachotosha mfukoni, pamoja na karatasi yenye maneno 12 au 24 ya kukirudishia kama kikipotea au kikiharibika. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Soko likianguka, yeye hadhuriki.

Lakini kutoka sokoni hadi kwenye kifaa ni safari, na safari ina nauli. Nauli hiyo ndiyo ada ya kutoa, na hapo ndipo satoshi za mwenzetu zilipopungua.

NAULI HAIPIMWI KWA THAMANI

Sisi tumezoea wakala wa Lumicash au EcoCash. Anayetoa kidogo hukatwa kidogo, na anayetoa kingi hukatwa zaidi. Kwa mazoea hayo mtu hudhani kwamba akitoa bitcoin kidogo, ada nayo itakuwa ndogo. Sivyo.

Hebu tuchukue mfano wa mtu anayehama Gihosha kwenda Kanyosha. Anakodi gari la mizigo. Mwenye gari haulizi kama ndani ya sanduku mna kitenge cha bei kubwa au matambara. Anachotazama ni nafasi mzigo unayochukua garini, na kama siku hiyo wateja ni wengi au wachache. Sanduku la dhahabu na sanduku la mawe, yakilingana ukubwa, hulipa nauli moja.

Bitcoin huenda hivyo hivyo. Uhamisho wote huandikwa katika daftari moja kubwa ambalo nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta duniani. Daftari hilo lilianza Januari 2009, na ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika 10 hivi. Kila ukurasa una mwisho wa nafasi. Wanaoongeza kurasa huitwa wachimbaji, na hutumia mashine na umeme mwingi kwa kazi hiyo. Hawako mbali nasi sana: mwaka 2020 Hifadhi ya Taifa ya Virunga, huko Luviro katika Kivu ya Kaskazini, ilianza kutumia umeme wake wa maji kwa uchimbaji huo. Mchimbaji hupata malipo ya aina mbili: bitcoin mpya, na nauli za wale waliotaka uhamisho wao uandikwe katika ukurasa wake.

Nauli hutozwa kwa baiti, yaani kipimo cha ukubwa wa maandishi ya kompyuta. Uhamisho wa kawaida huchukua baiti kama 140. Kama siku hiyo nauli ni satoshi 10 kwa kila baiti, mtu atalipa satoshi 1,400, ambazo kwa bei tuliyoitaja ni kama senti 84 za dola. Na atalipa hizo hizo akihamisha bitcoin ya dola 40 au ya dola milioni 4. Tajiri hausikii uzito wake. Mnyonge unamwelemea.

Siku zikiwa za msongamano, nauli hupanda sana, kama inavyopanda nauli ya basi mkesha wa sikukuu. Desemba 2017 wastani wa nauli ya uhamisho mmoja ulipita dola 50. Tarehe 20 Aprili 2024 ulipita dola 100 kwa siku hiyo moja, kisha ukashuka baada ya siku chache. Aliyekuwa na haraka siku hiyo aliumia, na aliyengoja wiki chache alipita kwa nauli ndogo.

SOKO NALO LINA BEI YAKE

Mpaka hapa tumeeleza nauli ya mtandao wenyewe. Lakini anayetoa bitcoin sokoni hailipi nauli hiyo moja kwa moja. Hulilipa soko, na soko ndilo linalomlipa mchimbaji. Baadhi ya masoko hukata kiasi kinacholingana na nauli ya siku hiyo. Mengine hupanga kiasi maalumu, na kila anayetoa hulipa hicho hicho, mtandao uwe na msongamano au uwe mtupu.

Soko alilolitumia mdogo wa mwenzetu lilikuwa la aina ya pili. Lilikata satoshi 10,000 kwa kila safari, yaani bitcoin 0.0001. Kwa bei ya dola 60,000 hizo ni dola 6. Tulinganishe: safari yenyewe, kwa nauli ya satoshi 10 kwa baiti, haikupaswa kuzidi satoshi 1,400.

Hata hizo 1,400 si lazima soko lizilipe kwa kila mteja. Soko kubwa huweza kukusanya wateja 100 katika uhamisho mmoja, kama dereva anayejaza mizigo ya watu wengi katika lori moja. Kila mteja wa ziada huongeza baiti 30 hadi 40 tu. Kwa hiyo gharama ya kweli ya mteja mmoja huweza kushuka hadi satoshi 300 au 400, naye bado anakatwa 10,000. Lori moja limekwenda, lakini kila abiria ametozwa kama aliyelikodi peke yake.

Soko litajibu kwamba lina walinzi, lina wahasibu, na kwamba siku za msongamano hulipa nauli kubwa kuliko inayomtoza mteja. Majibu hayo yana ukweli ndani yake. Lakini mteja ana haki ya kujua ni kiasi gani kimekwenda kwa mchimbaji na kiasi gani kimebaki kwa kampuni, kama mchuma chai alivyo na haki ya kuuona mzani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaligundui. Ada iliyopangwa kwa bitcoin hupanda bila mtu yeyote kuigusa. Kwa miaka kadhaa baadhi ya masoko makubwa yalitoza bitcoin 0.0005 kwa kutoa. Septemba 2019, bitcoin ilipokuwa karibu na dola 10,000, hizo zilikuwa dola 5. Aprili 2021, bei ilipopita dola 60,000, ada ile ile ikawa zaidi ya dola 30. Kwenye ubao wa bei hakuna tarakimu iliyobadilika, lakini mnyonge alikuwa analipa mara sita.

HESABU YA DAFTARI

Sasa turudi kwenye daftari la Gihosha. Bei hubadilika kila siku, na kila mwezi mdogo alipata satoshi tofauti kidogo. Hapa tunatumia bei moja ili kila msomaji aweze kufuata.

Kila mwezi alinunua bitcoin ya dola 40, ambazo ni satoshi 66,666. Siku hiyo hiyo aliitoa sokoni kwenda kwenye kifaa. Soko likakata 10,000, zikafika 56,666. Yaani katika kila dola 100 za akiba yake, dola 15 zilibaki njiani. Alifanya hivyo mara 12. Zidisha 10,000 kwa 12, unapata 120,000. Toa katika 800,000, unabaki na 680,000.

Hesabu imekubali, lakini hesabu inayokubali bado haithibitishi uaminifu wa mtu, na kaka alituambia hivyo waziwazi. Basi tukamwomba afanye jambo moja zaidi. Daftari kubwa la bitcoin liko wazi kwa watu wote. Mtu aliyepewa anwani ya kupokelea anaweza kuona kila kiasi kilichoingia, na siku kilipoingia, bila kupewa ruhusa ya kukigusa. Mdogo alimtumia anwani zake, pamoja na taarifa ya soko inayoonyesha kiasi alichoomba kutoa kila mwezi. Kaka akaketi na kijana wa jirani mwenye simu nzuri, akaziweka orodha mbili sambamba. Pengo lilikuwa satoshi 10,000 mwezi wa kwanza, 10,000 mwezi wa pili, na 10,000 hadi mwezi wa kumi na mbili. Halikuzidi wala halikupungua hata mara moja.

Mdogo mtu hakumla kaka yake. Kosa lake lilikuwa la mtu mwaminifu asiyeuliza bei ya nauli kabla ya kupanda gari.

HABA NA HABA, KILA HABA IKILIPA NAULI

Tumelelewa tukiambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli. Lakini kila haba ikilipishwa nauli sawa na debe zima, kibaba kitachelewa sana kujaa. Kama mdogo huyu angeiacha akiba ijikusanye sokoni na kuitoa mara 2 kwa mwaka, angekatwa satoshi 20,000 badala ya 120,000. Satoshi 100,000, yaani dola 60, zingebaki katika nyumba ya mama.

Tena hasara ya kutoa vipande vidogo haikomi siku ya kutoa. Bitcoin iliyofika kwa safari 12 hukaa katika kifaa kama vipande 12, mfano wa mtu mwenye noti 12 ndogo badala ya noti moja kubwa. Siku atakapotaka kuitumia yote, kila kipande hutaka nafasi yake katika ukurasa, karibu baiti 68 kwa aina ya anwani inayotumika sana leo. Vipande 12 pamoja na maandishi mengine hufika baiti kama 860. Siku tulivu, kwa satoshi 5 kwa baiti, hiyo ni nauli ya satoshi 4,300, na si mbaya. Lakini siku ya msongamano, kwa satoshi 100 kwa baiti, ni satoshi 86,000: zaidi ya dola 50 kwa bei yetu. Mwenye vipande 2 siku hiyo hiyo angelipa chini ya 18,000.

BASI TUIACHE SOKONI?

Mtu atasema: kama kutoa kuna gharama, heri nisitoe kabisa. Hapo tena kuna hatari, nasi tumekwisha kutaja Mt. Gox na FTX. Anayeogopa ada ya dola 6 akaacha akiba ya miaka mitano katika kampuni asiyoijua anafanana na mtu aliyekataa kulipa mlinzi, akalaza mlango wazi.

Njia ya busara iko katikati, na inapimwa kwa asilimia. Mtu ajiwekee kanuni kwamba hatoi mpaka ada iwe si zaidi ya asilimia 2 ya kiasi anachotoa. Kwa ada ya satoshi 10,000, kanuni hiyo ina maana ya kungoja mpaka akiba ifike satoshi 500,000, yaani dola 300. Kwa anayeweka dola 40 kila mwezi ni miezi 8. Anayeona miezi 8 ni mirefu mno kuiamini kampuni, na atoe mapema zaidi, lakini ajue analipa nini kwa usalama huo. Ada si dhambi. Ubaya ni kulipa bila kujua.

Hali kadhalika, kabla ya kufungua akaunti katika soko lolote, mtu asome bei tatu na kuzijumlisha pamoja: kamisheni ya kununua, tofauti kati ya bei ya soko hilo na bei inayotajwa kwingine, na ada ya kutoa. Yako masoko yanayotangaza kwamba kununua ni bure, kisha yanajilipa mlangoni wakati wa kutoka. Pia aulize kiwango cha chini cha kutoa, kwa sababu baadhi hukataa kabisa kutoa kiasi kidogo, na akiba ya mtu hubaki imefungiwa mpaka aongeze fedha.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni wa mtandao usio wake. Mtu akibonyeza kutoa, baadhi ya masoko humwonyesha orodha ya mitandao mbalimbali, kila mmoja na ada yake. Macho hukimbilia ada ndogo. Lakini mtandao ulio tofauti na ule wa bitcoin haupeleki bitcoin yenyewe. Hupeleka hati inayoiwakilisha katika daftari jingine. Kifaa chake kikiwa hakiutambui mtandao huo, huenda asiione tena mali yake. Kwa kwenda kwenye hifadhi baridi ya bitcoin, mtandao ni ule wa bitcoin wenyewe.

Mtego wa pili ni wa anwani. Anwani ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na programu mbaya zilizojificha katika simu au kompyuta huweza kuibadilisha bila mwenyewe kujua. Aisome anwani kwenye kioo cha kifaa chenyewe, ailinganishe mwanzo, katikati na mwisho. Kama kiasi ni kikubwa, atume kidogo kwanza ili kujaribu njia. Atalipa ada mara mbili, na mara hiyo moja ada imelipwa kwa haki, kwa kuwa uhamisho ukikwisha kuandikwa katika daftari hakuna ofisi ya kuurudisha.

Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote, na huu unamhusu hata yule ambaye hajawahi kununua bitcoin. Ni ada ya uongo. Mtu huonyeshwa kwenye simu kwamba fedha zake zimezaa, zimekuwa maelfu ya dola. Akitaka kuzitoa, anaambiwa atume kwanza "ada ya kutoa". Akituma, anaambiwa kuna "kodi". Akituma tena, kuna "ada ya kufungua akaunti". Hakuna fedha yoyote huko ndani. Nchini Uganda, Desemba 2019, watu waliowekeza katika kampuni iliyoitwa Dunamiscoins walikuta ofisi zimefungwa. Kabla ya hapo waliahidiwa faida kubwa mno kwa muda mfupi.

Tofauti ya ada ya kweli na ya uongo ni rahisi, na tunaomba kila msomaji aipeleke nyumbani na kuwaeleza wazee na vijana. Ada ya kweli hukatwa katika kile kilichomo: una 66,666, wanakata 10,000, unapokea 56,666. Ada ya uongo hukutaka utoe fedha mpya mfukoni ili upewe zile unazoambiwa ni zako. Karani wa kweli hakuombi noti ili akulipe mshahara. Ukisikia maneno hayo, usitume hata faranga moja, na umwambie jirani yako.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenzetu wa Gihosha aliokoa udugu wake kwa sababu alikuwa na daftari, ingawa daftari lenyewe lilikuwa na safu moja pungufu. Alikuwa akiandika kilichonunuliwa tu. Sasa amechora safu tatu: kilichonunuliwa, kilichokatwa, na kilichofika. Anaandika kwa satoshi wala si kwa dola, kwa kuwa dola ya bitcoin hupanda na kushuka kila saa na kuchafua hesabu, lakini satoshi 10,000 ni 10,000 leo na kesho. Na yule mdogo wa Nairobi amekubali kutoa mara mbili tu kwa mwaka, baada ya kwanza kutazama nauli ya siku hiyo, na kutafuta soko linalotoza kwa kadiri ya mtandao.

Jambo jingine walilokubaliana ni kwamba maneno 24 ya kifaa yasiandikwe katika simu wala kupigwa picha, bali yakae katika karatasi mahali ambapo mtu mmoja wa familia atapajua kama mdogo akipatwa na jambo. Maana hifadhi baridi haina karani wala meneja. Mwenye ufunguo akifa bila kusema, mali inakufa naye.

Wasomaji wenye ndugu ugenini, tunawaomba msikimbilie kulaumu penye upungufu. Ulizeni kwanza nauli ilikuwa kiasi gani, safari zilikuwa ngapi, na risiti iko wapi. Mara nyingi jibu litakuwa limelala katika hesabu ya kuzidisha. Bati la mama yao litachelewa miezi miwili. Ndugu wawili wameanza tena kupigiana simu.